Somo la Historia: Kanga za Sandukuni na Makumbusho Yaliyofungwa

Katika somo hili tutajifunza habari za nguo: zilitoka wapi, zilifikaje huku kwetu Njombe na Makambako, na kwa nini nyumba moja kubwa kule Unguja, iliyokuwa ikionyesha habari hizo, ilifungwa milango. Someni polepole. Kama mko katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wafuate kwa macho. Maneno magumu tutayaeleza hapo hapo yanapotokea.

Neno la kwanza ni makumbusho. Linatokana na kukumbusha. Makumbusho ni nyumba ambamo vitu vya zamani vinawekwa ili watu wavione na wajifunze. Vitu hivyo haviuzwi. Kando ya kila kimoja huwekwa karatasi ndogo inayosema: hiki ni nini, kilitoka wapi, nani alikitumia, mwaka gani. Karatasi hiyo ni ndogo lakini kazi yake ni kubwa. Jembe la zamani lisilo na karatasi ni chuma chakavu tu, na nguo ya zamani isiyo na karatasi ni tambara. Shikeni jambo hilo, maana tutalihitaji mbele.

Sasa tuje kwenye nguo zenyewe. Pamba haipendi baridi. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kila mtu anayelima viazi huku anajua asubuhi za mwezi wa saba zilivyo. Kwa hiyo nguo ya pamba kwetu tangu zamani ni mgeni. Wazee wa nyanda za juu walivaa ngozi za wanyama, na walivaa nguo za magome ya miti. Gome lilibanduliwa mtini, likalowekwa, likapigwa kwa nyundo ya mti mpaka likalainika na kutanuka kama kitambaa.

Isidhaniwe kwamba Waafrika hawakujua kufuma. Kilwa, katika magofu ya mji wa zamani, wachimbaji wa mambo ya kale waliokota vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati. Vilikuwa vya kusokotea uzi wa pamba, mamia ya miaka kabla ya Mzungu wa kwanza kufika pwani. Na huku bara, katika nchi ya Ufipa na bonde la Rukwa, watu walilima pamba, wakasokota uzi na kufuma nguo nzito kwa mitambo ya miti. Wasafiri waliopita huko karne ya 19 waliwaona na wakaandika. Basi Mfipa alivaa nguo aliyoifuma mwenyewe wakati ambapo wengine walikuwa wakingoja msafara kutoka pwani.

Msafara ulileta nini? Ulileta merikani. Hiyo ni nguo nyeupe nzito isiyo na rangi wala maua. Tangu miaka ya 1830 meli za Marekani, nyingi zikitoka mji wa Salem, zililetea Unguja nguo hiyo, na watu wakaiita kwa jina la nchi ilikotoka. Pamba yake ililimwa na watumwa weusi katika majimbo ya kusini ya Marekani. Fikirini: mtu mweusi analima kule kwa kiboko, na mtu mweusi huku anatoa pembe ya ndovu ili aipate nguo hiyo. Mwaka 1861 Wamarekani walipoanza kupigana wenyewe kwa wenyewe, pamba ikaadimika, merikani ikapungua Unguja, na nguo za Uingereza na Bombay zikachukua nafasi. Kumbe vita vya mbali vinaweza kumvua mtu nguo hapa.

Nguo ilikuwa pia fedha. Mwenye msafara alilipa hongo kwa mtemi kwa nguo, alilipa wapagazi kwa nguo, alinunua chakula kwa nguo. Kipimo kilikuwa mkono, yaani kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ilikuwa shuka moja. Shuka mbili, yaani mikono minane, ilikuwa doti. Hebu pigeni hesabu: mtemi akidai hongo ya doti tano, ni mikono mingapi? Na mzee mwenye mkono mrefu akipima, nani anapata hasara? Wafanyabiashara waliijua sana hila hiyo. Neno doti hatujaliacha mpaka leo. Ukienda sokoni Makambako kununua kanga unasema doti moja, na unapewa vipande viwili.

Pamba ilileta machozi vile vile. Kuanzia mwaka 1902 serikali ya Wajerumani iliwalazimisha watu wa pwani na kusini kulima mashamba ya pamba kwa malipo madogo kabisa. Julai 1905, huko Umatumbi, watu waling'oa pamba hiyo, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Vita vilipanda milima mpaka kwetu. Septemba 1905 Wabena walishambulia misheni ya Yakobi, karibu na Njombe. Huku pamba haikulimwa, lakini kodi na kazi za kulazimishwa zilikuwapo. Wajerumani walijibu kwa kuchoma vyakula na vijiji, na njaa iliyofuata iliua watu wengi sana. Ukiishika nguo ya pamba mkononi, hayo nayo yamo ndani yake.

Sasa tufike kwenye kanga, maana hapo ndipo penye uhondo.

Mwisho wa karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walichoka na merikani na kaniki. Kaniki ni ile nguo nyeusi au ya buluu iliyokoza, nguo ya kazi, na iliwakumbusha wengi siku za utumwa. Walianza kununua leso za mkononi zikiwa bado hazijakatwa, zimeungana katika jora moja. Walikata leso tatu kwa tatu, wakashona mistari miwili pamoja, wakapata nguo moja ya leso sita, yenye rangi. Wenye maduka hawakulala. Wakaagiza nguo nzima iliyokwisha kuchapwa hivyo. Maua ya mwanzo yalikuwa madoadoa meupe kwenye rangi nyeusi, kama manyoya ya ndege kanga, na jina likatokea hapo. Watu wa Mombasa wengine wanasema leso mpaka leo.

Kanga ina sehemu tatu. Ukingo wake unaitwa pindo. Katikati ni mji. Na chini ya mji kuna maandishi, ndiyo jina la kanga. Mwanzoni jina liliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi hizi tunazotumia sisi. Kwa hiyo mtu anayejua kuangalia anaweza kukadiria umri wa kanga kwa maandishi yake tu. Kuna kanga moja isiyo na jina, nayo ni kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, kanga ya harusi huko pwani.

Kwetu sisi wa elimu ya watu wazima kanga ni jambo la pekee. Kuna akina mama wengi ambao maandishi ya kwanza kuingia nyumbani mwao hayakuwa kitabu wala gazeti, yalikuwa ya kanga. Waliyavaa miaka na miaka bila kuyasoma. Katika darasa moja la kisomo tulikuwa na mama mmoja wa makamo aliyekuwa na kanga aipendayo kwa sababu ya rangi yake. Kila alipompelekea mama mkwe wake chakula alijifunga kanga hiyo. Wiki aliyomaliza kujifunza kuunganisha silabi aliitandaza juu ya dawati na kusoma kwa kidole: WI-VU WA-KO HAU-NI-TI-SHI. Darasa zima lilicheka, naye alicheka mpaka machozi. Bahati yake, mama mkwe naye hakujua kusoma. Siku iliyofuata alikuja na kanga zote za sandukuni, azisome moja moja. Tuliacha kitabu siku hiyo, tukasoma kanga.

Basi, iko wapi nyumba ambamo kanga za zamani zimepangwa kwa miaka, na karatasi zake? Ilikuwapo moja ambayo wengi waliijua. Iko Unguja, Mji Mkongwe, mbele ya bahari. Inaitwa Beit-el-Ajaib, maana yake Nyumba ya Maajabu. Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883 kwa shughuli za sherehe. Ilikuwa na ghorofa ndefu, nguzo za chuma, na baadaye taa za umeme na lifti, mambo ambayo watu wa Afrika Mashariki walikuwa hawajayaona. Tarehe 27 Agosti 1896 meli za kivita za Waingereza zilipiga mizinga majumba ya sultani kwa muda usiofika saa moja. Jumba la jirani likabomoka. Nyumba ya Maajabu ikasimama. Waingereza waliifanya ofisi zao, na baada ya Mapinduzi ya 1964 ikapewa kazi nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikawa makumbusho ya historia na utamaduni.

Ndani kulikuwa na jahazi la mtepe, lililoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja. Kulikuwa na habari za biashara ya Bahari ya Hindi, vyombo vya nyumba za Waswahili, na maonyesho ya kanga. Mtoto wa shule aliweza kuingia, akaona kanga ilivyoanza na jinsi ilivyobadilika.

Kisha ikafungwa. Hapa msome kwa uangalifu, maana watu hudhani makumbusho hufungwa kwa amri ya siku moja. Sivyo. Nyumba ile ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, pamoja na boriti za chuma. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hula chuma. Mvua ikipata tundu moja darini huingia, chokaa hulowa na kuwa kama uji, chuma hushika kutu, na kutu huvimba na kupasua jiwe. Hayo hayaonekani kwa mgeni anayepita chini. Mwaka 2012 sehemu ya jengo ilianguka, na wananchi hawakuruhusiwa tena kuingia. Miaka ikapita. Kazi ya kulitengeneza ilipokwisha kuanza, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara ikaporomoka, na watu wawili wakafa.

Mizinga ya 1896 haikuiangusha. Ilianguka kwa maji ya mvua. Mtu mwenye nyumba ya bati inayovuja hapa Makambako anaelewa jambo hili bila kueleweshwa na mhandisi. Tatizo la makumbusho ni kwamba wafadhili na wakubwa hupenda kufungua. Kukata utepe kuna picha na kuna hotuba. Kuziba tundu la dari kila mwaka hakuna picha. Hayo ni maoni yetu, lakini tunadhani hatukosei sana.

Linganisheni na habari ya Uganda. Kasubi, katika mji wa Kampala, kuna nyumba kubwa ya nyasi walimozikwa wafalme wanne wa Buganda. Ndani ilipambwa kwa nguo za magome. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba hiyo ikateketea kwa moto. Watu walilia barabarani. Lakini Waganda hawajaacha kutengeneza nguo ya magome. Bado wako mafundi wanaobandua gome la mti uitwao mutuba, wakaufunga mti kwa majani ya migomba ili uote gome jipya, wakalipiga gome kwa nyundo za mti mpaka likawa nguo. Mwaka 2005 shirika la UNESCO liliutangaza ufundi huo kuwa urithi wa binadamu wote. Kwa hiyo nyumba ilijengwa tena, na mwaka 2023 UNESCO iliitoa Kasubi katika orodha ya mahali palipo hatarini. Nyumba iliungua, ila mikono iliyojua kazi ilikuwa hai. Ufipa je? Merikani na nguo nyingine za bei nafuu zilipoenea, kufuma kulipungua mpaka ufundi ukaisha, nao haukuunguzwa na moto wowote.

Na viwanda vyetu? Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China. Mwanza kukawa na Mwatex, Musoma kukawa na Mutex. Reli ya TAZARA ilijengwa kuanzia 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976, ikapita Makambako. Wazee wetu wengi walivaa kanga na vitenge vilivyofumwa na kuchapwa hapa hapa nchini kwa pamba ya Sukuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mambo yakawa magumu. Vipuri vilikosekana kwa sababu fedha za kigeni hazikuwapo. Mnakumbuka foleni? Waliokuwa watu wazima wakati huo wanakumbuka kugawana kitambaa kwa orodha ya nyumba kumi. Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa, na nguo za nje zikamiminika, mitumba ikiwa mbele. Mtumba ni furushi lililofungwa. Nguo zilizovaliwa Ulaya zilikuja katika mafurushi, zikaitwa hivyo. Katika miaka ya 1990 viwanda vingi vya nguo vilifunga milango. Ndugu zetu wa Zambia waliona yaleyale: kiwanda cha Mulungushi pale Kabwe, nacho kilichojengwa kwa msaada wa China, kilisimama katika miaka ya 2000. Hatusemi mitumba ni mibaya. Sweta la mtumba limewaokoa watoto wengi wa Njombe na baridi. Tunasema tu kwamba kanga ya Urafiki ya mwaka 1971 haitachapwa tena.

Iringa, katika jengo la zamani la Wajerumani, makumbusho yalifunguliwa mwaka 2016 kwa ajili ya historia ya nyanda zetu. Ni vizuri mkipata nafasi mwende. Lakini kanga za bibi zenu haziko kule. Ziko sandukuni, chini ya kitanda. Na bibi akifa tumeona mara nyingi yanayotokea: nguo zinagawanywa siku ya matanga, nyingine zinakatwa za kubebea mtoto, nyingine zinakuwa matambara ya kupangusia jiko. Kuvaa si kosa, nguo ni ya kuvaliwa. Lakini ipo moja kati ya kumi inayostahili kubaki.

Namna ya kuitunza si ngumu. Adui wa kwanza kwetu ni ukungu. Kiswahili kimetupa neno moja kwa vitu viwili, ule unaoshuka asubuhi juu ya mashamba ya chai na ule unaoota juu ya nguo, na huku Njombe wa kwanza humleta wa pili. Kwa hiyo fua nguo kwa sabuni ya kawaida, usitie dawa ya kung'arisha, na uikaushe kabisa kabla ya kuiweka. Usiifunge ndani ya mfuko wa nailoni. Nguo hutoa jasho humo na kuoza. Iviringishe juu ya kitambaa cheupe kilichofuliwa, au uikunje kwa kubadili mikunjo kila mara, maana nguo iliyokunjwa miaka 20 mahali pamoja huchanika pale pale. Sanduku liinuliwe juu ya mawe au matofali, mbali na mchwa. Mara mbili kwa mwaka, wakati wa kiangazi, ifungue na uipepee kivulini. Jua kali hula rangi. Blanketi na sweta la sufu yachunguzwe zaidi, nondo huyapenda kuliko pamba.

Halafu karatasi. Hapa ndipo kisomo chako kinapofanya kazi ambayo hakuna mtaalamu wa Dar es Salaam awezaye kuifanya badala yako, kwa sababu habari anayo bibi, na bibi yuko kwako. Andika kwa kalamu ya risasi, maana wino ukilowa hutia nguo doa. Mfano wetu ni huu:

"Kanga nyekundu, doti moja. Ilinunuliwa Makambako, duka la kijiji, mwaka 1976, baada ya kuuza mahindi. Ilivaliwa siku ya kumbatiza mtoto wa kwanza. Mwenyewe hakujua kusoma jina lake wakati huo. Imeandikwa na mjukuu wake."

Maneno kama 30 tu. Kama bibi hakumbuki mwaka, muulize ilikuwa kabla au baada ya treni kuanza kupita, kabla au baada ya Mwalimu kung'atuka mwaka 1985. Mwaka utapatikana. Weka karatasi ndani ya bahasha, bahasha ndani ya sanduku, juu ya nguo.

Maswali ya kikundi

1. Doti tano za zamani ni mikono mingapi? Pimeni kwa mikono ya watu wawili tofauti, mwone tofauti yake.

2. Kwa nini Nyumba ya Maajabu ilisimama mwaka 1896 na kuanguka mwaka 2020?

3. Nyumba ya Kasubi ilijengwa tena. Kufuma kwa Ufipa kulikwisha. Jadilini sababu.

4. Kila mmoja alete nguo moja ya zamani kutoka nyumbani, asome jina lake kama lina maandishi, kisha aandike karatasi yake. Nani katika kijiji chenu ana nguo ya zamani kuliko zote, na ni nani amekwisha kumwuliza habari zake?